Binti Hana Kichwa, au Hana Pepa?



Leo hatuzungumzi mtindo wa shela wala hina. Leo tuna ugomvi, na ugomvi wetu ni na neno moja linalosemwa majumbani kila Januari matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, kisha likarudi tena Julai yanapotoka ya kidato cha sita. Neno lenyewe ni hili: "Huyu hana kichwa."

Mama anamwambia shangazi, shangazi anampelekea jirani, na jioni baba anamalizia: "Basi, akitokea mtu wa kheri, aolewe." Ndani ya siku moja msichana wa miaka 17 keshapewa hukumu mbili: kwamba akili hana, na kwamba ndoa ni pahala pa kupelekwa wasiokuwa na akili. Zote mbili ni uongo. Ya pili inatukera zaidi, kwa sababu sisi tunaishi kwa ndoa. Tunawavisha mabi harusi, tunawaona na baada ya arusi, na tunajua kuendesha nyumba kunataka kichwa kuliko mtihani wowote. Lakini ya pili inazaliwa na ya kwanza, kwa hiyo tuishike ya kwanza.

Tunasema hivi: kufaulu mtihani wa kuingilia chuo ni ufundi. Ufundi hupatikana kwa kufanya, kukosolewa, na kufanya tena. Wengi wa mabinti zetu wanaofeli Mola hakuwanyima akili. Walichokosa ni mazoezi, na mazoezi hayo yanaliwa na jiko, na shughuli, na mazoea ya kuamini kwamba kusoma ni kukodolea daftari macho.

Fundi hapewi satini siku ya kwanza

Wengi mnatujua kwa cherehani. Tulimaliza sekondari, tukasomea ushonaji, tukafungua duka. Tuwaambieni basi fundi anavyotengenezwa.

Siku za mwanzo mwanagenzi hapewi hata uzi. Anapewa karatasi iliyochorwa mistari, anapitisha sindano tupu juu ya mstari mpaka mguu ujue kukanyaga na mkono ujue kuongoza. Akipinda, matundu ya karatasi yanamsema. Kisha mistari ya duara. Kisha mabaki ya vitambaa, kisha marekani. Anashona, anafumua, anashona tena. Kola yake ya kwanza inachekesha, ya kumi inavalika. Hakuna mwalimu wa ushonaji aliyemtazama mwanagenzi wa wiki ya pili akasema, "Huyu hana mikono, aolewe." Na hakuna mwenye akili zake atakayemkabidhi satini ya bi harusi mtu ambaye hajaharibu marekani ya kutosha.

Lakini kwenye mtihani wa taifa ndivyo inavyokwenda. Msichana anasoma madaftari miaka minne, anapiga mistari ya rangi chini ya maneno, anakariri usiku. Halafu mara yake ya kwanza kukaa saa tatu mfululizo na pepa kamili mbele yake, saa inatembea, ni siku ya mtihani wenyewe. Au alifanya mtihani wa majaribio mara moja, ukarudi na alama nyekundu bila ya mtu kumueleza kosa liko wapi. Hiyo ni kumpa satini mtu aliyesoma kitabu cha ushonaji bila ya kukanyaga cherehani.

Chuoni tunajua, skuli tunasahau

La ajabu ni kwamba siri ya mazoezi tunayo humu humu ndani. Mtoto anapohifadhi Qur'ani, nani anayemwambia asome sura mara moja kisha asubiri siku ya kusikilizwa? Anasoma mbele ya mwalimu, anakosea, anarudishwa nyuma, anasoma tena. Kuna hifdhi mpya na kuna muraja'a wa ile ya zamani, na kila mwalimu wa chuo atakwambia kwamba anayeacha muraja'a anapoteza alichobeba. Mtoto mzito anarudiwa mara nyingi zaidi, na mwisho wake anafika. Hatumwiti hana kichwa. Tunasema, "Arudie."

Mtoto huyo huyo akitoka chuoni akaenda skuli, tunabadilisha imani. Huko akikosea hesabu mara mbili tunasema hesabu si zake. Kwani ubongo anauacha chuoni pamoja na juzuu yake?

Mlango unafungwa kwa alama moja

Tuingie kwenye hesabu za mtihani wenyewe, maana wazazi wengi wanahukumu kitu wasichokijua kilivyo.

Mitihani ya kidato cha nne na cha sita, ya kwetu Visiwani na ya Bara, inatungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Kidato cha nne A inaanzia 75, B inaanzia 65, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, chini ya 30 ni F. Ili binti achaguliwe kidato cha tano anahitaji C au zaidi kwenye masomo yasiyopungua matatu. Sasa tazameni pale D inapokutana na C. Mwenye 44 ana D. Mwenye 45 ana C. Kati ya anayekwenda kidato cha tano na anayeitwa hana kichwa panaweza kuwa na alama moja.

Kidato cha sita vile vile. Kwa chuo kikuu, kiwango cha chini kabisa ni masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa mfano D mbili. D inaanzia alama 50, na 49 ni E. Mwenye D moja na E moja ana pointi 3, na mlango umefungwa. Hata vyuo vya ngazi ya cheti, vingi vinataka mtu awe amefaulu angalau masomo manne kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi humo. Tunalisema hili kwa makusudi, kwa sababu wapo mabinti wanaotegemea somo la dini liwabebe, kisha wanashangaa mlangoni.

Alama hiyo moja inapotelea wapi? Baraza lenyewe linasema. Kila mwaka linatoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, ukiwa na nakala za majibu mazuri na mabaya. Ukizisoma ripoti hizo utakuta sababu zinazorudi rudi: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini, Kiingereza kilimshinda, mada hakuijua vizuri. Hii ya mwisho inataka mwalimu. Mbili za mwanzo zinapungua kwa mazoezi. Swali linalosema "taja" halitaki kurasa mbili, na linalosema "eleza" halitosheki na neno moja moja. Msichana aliyefanya pepa kumi za somo anayajua maneno hayo ya Kiingereza kama anavyojua majina ya jirani zake. Aliyesoma daftari tu anayaona kama mgeni kaingia bila hodi.

Na uko muda. Pepa ya hesabu ya kidato cha nne ina maswali 14 kwa saa tatu: 10 ya alama 6 na 4 ya alama 10. Dakika 180 kwa alama 100. Kwa hiyo swali la alama 6 lina kama dakika 11, na la alama 10 lina dakika 18. Binti ambaye hajawahi kujipima kwa saa anang'ang'ania swali la tatu nusu saa nzima, kwa uchungu na kiburi cha kulishinda, halafu maswali mawili ya mwisho anayoyajua vizuri hayafikii. Hapo si akili iliyokosekana. Hakuna aliyemfundisha kuliruka swali, na kuliruka swali ni jambo la mazoezi, kama kujua lini ufumue mshono na lini uuache.

Ushahidi haupo kwetu tu

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi waisome. Kundi moja liliisoma na kuirudia kuisoma. Kundi jingine lilisoma, kisha likafunika karatasi na kujaribu kuandika linachokumbuka, mara tatu. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 83, na wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliorudia kusoma walibakiwa na asilimia 40, na waliojipima asilimia 61.

Mama unayesema "jana usiku nilimsikia anajua yote, leo kasahau", jibu lako ni hilo. Kusoma tena na tena kunamdanganya msomaji kwamba anajua. Kujipima kunauma, kunaonyesha aibu, lakini ndiko kunakobaki.

Huko huko Marekani kuna mtihani wa kuingilia vyuo unaoitwa SAT, alama zake za juu kabisa ni 1600. Wenye pesa walikuwa wakiwalipia watoto wao walimu wa mazoezi, wasio nazo wanaingia mikono mitupu. Mwaka 2015 wenye mtihani huo, College Board, wakishirikiana na Khan Academy, walifungua mazoezi ya bure mtandaoni. Mwaka 2017 wakatangaza kwamba waliofanya mazoezi hayo kwa saa 20 alama zao zilipanda kwa wastani wa 115 ukilinganisha na mtihani wao wa awali. Hatusemi saa 20 ni dawa ya kila mtu. Anayekaa saa 20 pengine alikuwa na bidii tangu mwanzo, na aliyetangaza ni mwenye bidhaa. Lakini hata ukipunguza kwa wasiwasi huo, kitu kimoja hakifutiki: alama inapanda. Kitu kinachopanda kwa mazoezi hakiwezi kuitwa kichwa alichozaliwa nacho mtu.

Mnaotupinga, tunawasikia

Wapo watakaosema mtihani ni majaaliwa. Sawa, kila kitu ni kwa kudra ya Allah, na sisi hatumnyimi mtu dua. Dua ya mama iombwe, kombe anywe anayeamini, sadaka itolewe. Lakini sote tumefundishwa habari ya yule bwana aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kamba kwa kisingizio cha kutawakali, na Mtume (S.A.W.) akamuelekeza amfunge kwanza. Pepa za miaka iliyopita ndiyo kamba. Anayempa binti kombe la zaafarani bila ya kumpa pepa kamwachia ngamia jangwani, kisha analalamika kapotea.

Wapo watakaosema mazoezi ya pepa ni kukariri majibu. Wanaokariri majibu wapo, na wanafeli, kwa sababu Baraza halirudishi swali lile lile kwa herufi zile zile. Mazoezi tunayoyasema ni kujibu, kusahihisha, kutafuta kosa, kurudi kwenye mada, kisha kujibu swali jingine la mada ile ile. Mwenye kukariri mfano wa gauni moja anashona gauni moja. Mwenye kujua kukata anashona lolote.

Wapo watakaosema tuisheni ni ghali. Ni kweli. Ndiyo maana tunasema pepa. Pepa na ripoti za uchambuzi zipo kwenye tovuti ya Baraza bila malipo. Kinachotakiwa ni bando na fotokopi. Na hapa tuseme jambo ambalo litatugusa mfukoni wenyewe. Sisi tunashona sare za arusi. Tunajua familia moja inatoa doti ngapi kwa ajili ya kesha, ngapi kwa siku ya kumtoa bi harusi, na kwamba sare ile haivaliwi mara ya pili kwa kuwa watu wameshaiona. Tunakula kwa sare hizo, na mkizipunguza tutalihisi. Hata hivyo tunasema: nyumba iliyopata pesa ya sare tatu kwa mwaka haina ulimi wa kusema haikupata pesa ya fotokopi.

Na wapo watakaosema kosa ni la serikali: walimu wa sayansi hawatoshi, madarasa yamejaa, watoto wanasoma msingi kwa Kiswahili kisha sekondari wanatupwa kwenye Kiingereza. Hilo ni kweli, na atakayelipigia kelele tutasimama naye. Mazoezi hayachukui nafasi ya mwalimu. Ila mwalimu akikosekana ndipo mazoezi yanapohitajika zaidi, maana ndiyo kitu pekee ambacho hakisubiri ajira mpya.

Nani anakula saa za binti?

Saa tatu za pepa moja si mchezo. Hebu zitafuteni katika siku ya msichana wa kidato cha nne. Alfajiri anaswali, anafagia, anachemsha chai. Anakwenda skuli. Adhuhuri anarudi, anakuna nazi, anaosha vyombo, anamlea mdogo wake. Alasiri chuoni au sokoni. Magharibi jikoni tena. Baada ya isha, mwili umechoka na umeme labda haupo, ndipo tunamwambia, "Soma sasa." Atasoma nini? Atafungua daftari na kulikodolea macho, kwa sababu kukodolea macho ndiko mtu aliyechoka anakoweza.

Kaka yake wakati huo yuko maskani barazani. Naye hafanyi mazoezi, lakini huyo saa zake anazitupa mwenyewe. Za dada yake zinachukuliwa.

Ikifika Idi ikapita, arusi zinaanza. Wiki nzima ya mtoto wa ami: siku ya kupika, siku ya singo, siku ya hina, kesha, arusi yenyewe, na kurudisha vyombo. Msichana wa darasa la mtihani ndiye wa kutumwa, kwa sababu ana miguu myepesi na hana ulimi wa kukataa. Akisema "nina pepa", anaambiwa ana maringo, kwani yeye kwao hakuna siku watu watamfaa? Jamani, kusaidiana ni sunna nzuri ya visiwa vyetu na hatutaki ife. Lakini mbona mwanamke aliyejifungua tunamuacha apumzike, mgonjwa tunamuacha, aliye kwenye eda tunaheshimu hali yake? Tunajua kabisa kumtoa mtu kwenye kazi za watu bila ya kumvunjia heshima. Darasa la mtihani nalo liingie kwenye orodha hiyo. Shangazi akiuliza binti yuko wapi, ajibiwe kwa kinywa kipana: "Yuko kwenye pepa, anakusalimu."

Kwetu dukani tumeshaweka sharti. Mwanagenzi aliye darasa la mtihani hashiki kazi za wateja kuanzia Agosti. Oda zikizidi, tunazikataa. Bi harusi mmoja akikosa sare zake kwetu atazipata kwa fundi mwengine. Novemba ya msichana haina fundi mwengine.

Bi harusi mtarajiwa, hili ni lako

Wapo kati yenu mliochumbiwa na huku mko kidato cha sita. Hongereni, Mungu awatilie kheri. Lakini mtihani ni Mei, na mtu anataka arusi Aprili kwa sababu kaka yake yuko likizo kutoka Omani. Mwambieni kwa adabu: subiri. Mwanamume aliyeweza kusubiri majibu ya posa anaweza kusubiri wiki sita. Asiyeweza, umeshamjua mapema, na kumjua mapema ni neema.

Usitumie aibu kujibu swali la maisha. Mwanamke ana haki ya kutaja masharti yake kabla ndoa haijafungwa. Mkalishe walii wako, mkamuulize kadhi au sheikh mnayemuamini namna ya kuliweka sharti la masomo lisimame vizuri, na liandikwe. Maneno ya "tutaona mbele ya safari" yaliyosemwa sebuleni hayana shahidi. Na mahari ni yako, si ya baba wala ya ukumbi. Ukipenda kutoa sehemu yake ikalipie masomo yako, hakuna wa kukulaumu.

Na ninyi mlioolewa zamani, mna watoto wawili watatu, mkajiambia yamepita: hayajapita. Kuna kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwa ambaye hakumaliza kidato cha nne kuna Mtihani wa Maarifa wa kuanzia. Mwaka wako wa kuolewa hauulizwi. Mama anayefanya pepa mezani baada ya watoto kulala anafundisha nyumba nzima bila ya kusema neno.

Basi tufanyeje?

Tunatoa utaratibu, si nasaha tupu. Kuanzia Februari mpaka mwisho wa Oktoba kuna wiki 39. Toeni nne za Ramadhani au maradhi, zimebaki 35. Pepa mbili kwa wiki ni pepa 70. Kwa masomo saba, kila somo linapata pepa kumi kabla ya Novemba. Hizo ni saa sita tu kwa wiki.

Kwanza, pepa ifanywe kwa saa, mfululizo, daftari limefungwa, simu iko kwa mama. Pepa inayofanywa huku daftari liko wazi ni kunakili.

Pili, isahihishwe siku ya pili yake. Kama mwalimu hapatikani, wasichana watatu wabadilishane na wasahihishe kwa ripoti za uchambuzi. Pepa isiyosahihishwa ni bora isifanywe.

Tatu, kila kosa liandikwe kwenye daftari la makosa, na pembeni liandikwe lilikuwa kosa la nini: sikuelewa swali, sikujua mada, muda uliisha, nilikosea hesabu ndogo. Baada ya mwezi ataona makosa yake ni ya aina mbili au tatu tu yanayojirudia, na hapo ndipo pa kushika.

Nne, swali lililoshinda lirudiwe baada ya wiki, na lirudiwe tena baada ya mwezi. Huo ndio muraja'a.

Tano, wanaoanza mapema waanze kidato cha pili, wakati kosa halijawa na bei.

Sita, na hili ni la mama: saa zile sita zilindwe kama zinavyolindwa saa za chuo. Mgeni akija, chai achemshe mtu mwengine. Hata kaka.

Hatuahidi kwamba kila atakayefanya hivi atapata daraja la kwanza. Wapo watakaofanya yote na mlango wao ukawa mwengine, na riziki ina milango mingi; sisi wenyewe tunakula kwa cherehani na hatuoni haya. Lakini aingie kwenye ufundi kwa kuuchagua, na aolewe kwa kuridhia, si kwa kuwa Januari moja watu walimtazama wakasema hana kichwa na huku hakuna aliyempa saa sita kwa wiki.

Kwa hiyo Januari ijayo, kabla hujalitoa neno lile, uliza kwanza: alifanya pepa ngapi, nani alimsahihishia, na arusi ngapi zilimtoa mezani? Ukiyajua majibu, utajua ni nani wa kuambiwa ajitahidi.

Allah awafungulie mabinti zetu vifua, awape wepesi wa kufahamu, na atupe sisi mikono ya kuwafungulia nafasi. Amin.

Wassalaam alaykum.